Fundi Aliyekosa Watu Kumi

Vuta mkeka ukae, wewe unayenisikiliza, na pale ambapo hutanielewa niulize bila ya haya. Nataka kukueleza habari za mtu aliyekuwa akitutengenezea cherehani zetu huku kusini, kati ya Diani na Msambweni, katika miaka ile ya hamsini. Kuzaliwa kwake na ukoo wake sitaanza navyo, kwa sababu mwenyewe alivifunika kwa muda mrefu, na alipovifunua alifunua kidogo tu. Hata jina sina la kukupa. Lililokuwa katika karatasi zake, alituambia, aliandikiwa na karani wa bandari fulani aliyechoka kumwuliza. Lile alilopewa na mama yake hakulitoa ovyo. Sisi tulimwita Fundi, naye aliitika.

Alikuwa Mzungu, lakini Mzungu wa baiskeli. Wazungu tuliowajua walikuwa wa gari: Bwana DC wa Kwale, mabwana wa mashamba ya miwa, na wale wenye majumba ya kupunga upepo kule Diani. Fundi alikuja akikanyaga mchanga na jua lake, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo, na nyuma sanduku la vyuma lililogonga kila shimo la njia. Duka moja la Mombasa lililouza cherehani lilimweka azizungukie zisife. Alikaa Diani katika kibanda cha makuti, nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja wa minazi. Wale Wazungu wenziwe wa pwani walimwitikia kwa kichwa tu, tena wakiwa hawana budi.

Mimi siku zile nilikuwa mshonaji. Nilishona kanzu na mabuibui kwenye baraza ya nyumba yetu Msambweni. Mume wangu alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, akija mwisho wa mwezi, na siku nyingine zote nilikaa na bibi yangu, mamake mama. Bibi aliitwa Faida. Mwenyewe aliniita mke mwenzangu, kwa ule utani wetu wa bibi na mjukuu, na utani wake ulikuwa na meno. Utamsikia zaidi, kwa sababu habari za Fundi haziwezi kusemwa bila yake.

Siku ya kwanza Fundi alipobisha hodi, alisimama chini ya baraza akasema, "Shikamoo, Bibi."

Bibi akaangalia nyuma yake, kana kwamba kuna bibi mwingine. "Umesema nini?"

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema Bibi, kisha akanigeukia. "Mke mwenzangu, Kiyama kimekaribia. Tia maji ya chai."

Kiswahili chake alikiokota kwa mafundi wa nguo, baraza kwa baraza, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha watu wazima, chenye adabu na maneno ya dini. Alisema "inshallah" na "stahamili" kama mtu wa Gazi. Ila herufi ya "r" aliitoa kooni, na watoto walimfuata njiani wakikohoa "r" yake. Hakuwafukuza. Aligeuka akawakoholea nao.

Ana mambo yake, tulisema, na kila mtu alikuwa na lake la kusimulia.

La viatu lilijulikana mpaka Mkwiro. Unajua kwamba kwetu huwezi kukanyaga mkeka wa mtu na viatu. Fundi alivua mara moja, bila kuambiwa. Lakini hakuviacha chini kama watu wengine. Alivichukua akavipanga kando ya paja lake, akafanya kazi na mkono mmoja ukipapasa kila baada ya muda kama bado vipo. Viatu vyenyewe vilikuwa vimekwisha, vimetiwa viraka vya mpira wa gari. Jirani yetu Mwanajuma, mwanamke aliyeweza kucheka mpaka msibani, akamwambia, "Fundi, viatu vyako hivyo hata mbwa akivipata atavirudisha."

"Najua, mama," akajibu Fundi. "Lakini ngoja avirudishe mwenyewe."

Tukacheka. Naye alicheka. Mkono haukuondoka.

La pili lilikuwa chakula. Bibi alimpikia pweza wa nazi, akampakulia sahani iliyojaa, naye Fundi akaomba radhi kwamba hali pweza. Kamba hali. Kaa hali. Bibi akakasirika. "Mzungu gani huyu anachagua samaki kama mwana wa sultani?" Ikabainika kwamba anakula samaki mwenye magamba tu, na nyama akiila awe amejua imechinjwa vipi, na nguruwe hamgusi. Habari zikafika msikitini. Maalim wetu, mtu mpole mwenye hamu ya heri, akaja kumtazama akila changu wa kuchoma, akasema, "Mwanangu, wewe umebakiwa na shahada tu."

Fundi akapangusa mikono taratibu. "Maalim, mimi nina dini yangu. Ni ya zamani, kutoka kwa Nabii Musa."

"Basi wewe ni Myahudi."

"Naam."

"Na wenzako wako wapi?"

Fundi akaanza kuzungusha gurudumu la cherehani, akasikiliza sauti yake kama daktari anayesikiliza kifua. "Huyu amekasirika," akasema. Kwake cherehani haikuharibika, ilikasirika, na dawa ya hasira ilikuwa kuifungua polepole na kuisafisha pamba iliyokwama ndani. Maalim hakuuliza tena.

Dini hiyo yenyewe aliishika kwa namna ya ajabu. Sikumwona akisali hata siku moja. Bibi, aliyependa kuchokonoa, alimwuliza mbona anashika mwiko wa chakula wa Mungu asiyemsujudia. Akajibu, "Bibi, nimegombana naye. Lakini sijahama nyumbani kwake." Jibu hilo Bibi alilipenda sana, akawa analitumia kwa mambo yake na wakwe.

Kupanga foleni hakuweza. Akikuta watu wamejipanga kwa jambo lolote, hata wakingoja feri Likoni, aliondoka akakaa mbali mpaka watu waishe, akavuka wa mwisho. Na mikono mirefu ya shati hakuikunja hata katika joto la mwezi wa pili, jasho likimtoka kama aliyemwagiwa maji.

Tena alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kupenda harusi, mwenye kuwabana kwa maneno wauzaji wa sindano mbovu. Kisha katikati ya mzaha angeondoka. Nakumbuka zile siku za Hali ya Hatari, fundi mmoja wa nguo alikuwa akitusomea gazeti, akafika mahali palipoelezwa kwamba huko bara watu wanazungushiwa seng'enge, wanaume mbali na wake zao. Fundi akaweka bisibisi chini. Akavaa viatu, akapanda baiskeli, akaacha cherehani ya watu imefunguliwa matumbo nje. Alirudi kuimaliza siku ya tatu, hakusema alikuwa wapi.

Sasa nikueleze jambo la kwetu ambalo usipolijua hutaona uzito wa yanayofuata.

Mtu wetu akifa akazikwa, watu hawaondoki mara moja. Maalim hukaa kichwani pa kaburi, akamwita maiti amkumbushe majibu atakayotoa atakapoulizwa na malaika. Humwita kwa jina lake na jina la mama yake: fulani mwana wa fulani. Na mama akiwa hajulikani? Husemwa "mwana wa Hawa", kwa kuwa Hawa ni mama wa watu wote. Dini, ukiangalia, imemsitiri mtu hapo. Lakini watu wa mji hawasitiri. Wakisikia kaburini "binti Hawa", hutazamana. Wanajua kwamba huyo aliletwa. Alinunuliwa. Na wenye kutaka kuoa katika nyumba hiyo huanza kupunguza hatua.

Bibi yangu hakuna aliyemjua mama yake.

Faida si jina ambalo mtu humpa mwanawe kwetu. Ni jina wenye watumwa walilokuwa wakiwapa watumwa wao. Hilo nililijua, na watoto wake walilijua, na hatukulisema. Tulijua pia kwamba hakanyagi Shimoni. Kulikuwa na harusi za jamaa zetu Wasini na Mkwiro, na njia ya kwenda huko ni Shimoni, na kila harusi ilipofika Bibi aliumwa goti. Siku moja Fundi alikuwa anakwenda huko kazini, akamwuliza amletee nini. Bibi akatema mate nje ya baraza. "Usiniletee hata upepo wake." Kule kuna mapango, kama hujafika. Watu walifungiwa mle wakingoja chombo cha kuwavusha.

Mjomba wangu, mwanawe mkubwa, alikuwa na binti wa kuozwa, tena kwa watu wenye majivuno. Bibi alikuwa mzee na kifua kimeanza kumsumbua. Mjomba alitaka jina. "Mama, sitaki habari," alimwambia, "nataka jina tu, siku ikifika nisisimame pale kama mtoto wa jalalani." Bibi akamwuliza kama ameshachimba kaburi au bado.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku ile Fundi alipomwagikiwa na mafuta.

Kikopo cha mafuta kilimponyoka, mafuta yakamwenea mkono mzima. Mwanajuma akakimbia na maji na majivu, akamkunja shati kabla mwenyewe hajawahi kukataa. Kwenye mkono, upande wa ndani, palikuwa na namba. Ya buluu, imechanjwa ndani ya ngozi.

Mwanajuma akapiga kelele ya furaha. "Ee! Kumbe Wazungu nao wana kipande! Chao wameandikiwa mwilini wasije wakakipoteza!"

Unajua kipande: cheti kile Waafrika walichofungiwa shingoni ndani ya kibati, akikutwa mtu hana huwekwa ndani. Kwa hiyo utani wa Mwanajuma ulikuwa mzuri, na kila aliyekuwa barazani alicheka. Mimi pia nilicheka. Tulidhani tumegundua kwamba serikali hatimaye imewageukia na wenyewe.

Bibi hakucheka. Aliinuka pale alipokuwa anasuka ukili wa mkeka, akaja akaushika ule mkono, akaupeleka mwangani. Akauliza polepole, "Waliokutia hii walikununua?"

"Hapana, Bibi. Walitupata bure."

"Basi ninyi mlikuwa katika hali mbaya zaidi. Kitu cha kununuliwa hulishwa angalau."

"Tusipime, Bibi," akasema Fundi.

"Kweli. Tusipime." Akamshushia shati mwenyewe, akafunga na kifungo.

Toka siku hiyo Fundi alikuwa akija hata cherehani ikiwa nzima. Alikaa na Bibi, kila mmoja na kazi yake, yeye akipiga msasa vyuma, Bibi akisuka, wakati mwingine hawasemi neno mpaka alasiri. Nilikuwa nawatazama nikiwa nashona. Sijaona watu wawili walio wapweke namna ile wakikaa karibu namna ile.

Alisema ilipoingia Shaabani. Katika mwezi huo, kabla ya Ramadhani, watu wetu huwasomea hitima wafu wao, na nyumba ya Mwanajuma ilikuwa imejaa wasomaji. Sauti zilikuja wazi mpaka kwetu. Wakafika kwenye majina. Maalim alikuwa akiyataja moja moja, na baada ya kila jina watu wakaitikia. Fundi akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Wanawataja akina nani?"

Nikamweleza, kama nilivyokueleza wewe: ni wafu wa nyumba ile, baba na mababu, mama na bibi, kila mmoja apate fungu lake la dua.

"Wote?"

"Wanaokumbukwa."

Akasikiliza mpaka majina yakaisha, nayo yalikuwa mengi. Kisha akaanza kusema, macho kwenye viatu vyake. Nakupa kama alivyosema, kadiri ninavyoweza.

"Kwetu pia iko dua ya wafu. Mtu huisoma kwa ajili ya mama yake na baba yake. Lakini haisomwi peke yako. Lazima wawepo wanaume kumi wa dini yetu. Tisa hawatoshi. Mji wetu ulikuwa mdogo, chini ni mto, juu ni soko, na watu kumi ulikuwa unawapata kwa kufungua dirisha na kuita. Wengine walikuja na unga mikononi. Hakuna aliyefikiri kwamba watu kumi ni wengi."

Bibi alikuwa ameacha kusuka.

"Vikaja vita, na serikali ya Wajerumani ikaamua kwamba sisi tusiwepo. Sisemi tuhame. Tusiwepo. Walituandika, wakatukusanya, wakatutia katika mabehewa ya ng'ombe. Tulikuwa mimi, mama, dada zangu wawili, na mtoto mchanga wa dada yangu, bado ananyonya. Tulipofika tulipangwa mstari. Mtu mmoja alisimama mbele akionyesha kwa kidole: huyu huku, huyu kule. Mimi nilikuwa fundi wa vyuma, nikaonyeshwa huku. Mama akaniambia, 'Funga viatu vyako vizuri.' Akaenda kule na wengine. Kule walikuwa wanauawa, siku ile ile, kwa hewa ya sumu, kisha wanachomwa. Mimi sikujua. Niliuliza jioni watu wangu watarudi lini, na mwenzangu mmoja akanionyesha moshi."

Kwa Mwanajuma walikuwa wameanza kupakua pilau. Tulisikia sahani.

"Vita vilipokwisha nilirudi katika mji wetu. Nikakuta nyumba zina watu wengine. Nikawaulizia wenzangu, nikasimama sokoni nikaita. Hapakutoka kumi. Hapakutoka hata mmoja. Basi nikaenda, nikaenda, mpaka nikaishia huku. Hapa kwenu kuna amani, lakini toka Likoni mpaka Vanga, mtu wa dini yangu ni mimi. Nilikwenda Nairobi mara moja, huko wako. Wakanipokea vizuri. Wakaniuliza, mama yako alifariki siku gani, ili tuijue siku ya dua. Nikasema sijui. Ndani ya behewa tulipoteza hesabu ya siku. Wakaniambia, si neno, chagua siku yoyote." Akainua uso. "Bibi, mtu huchaguaje siku ya kufa kwa mama yake?"

Siku hizi mambo yale yana jina, utayakuta vitabuni yakiitwa Maangamizi ya Wayahudi, na unaweza kuyasoma na kujua ni mamilioni ya watu. Sisi barazani tulikuwa tumesikia habari za mwanamke mmoja tu aliyemwambia mwanawe afunge viatu. Kwangu ilitosha.

Asubuhi yake nilimkalia Bibi karibu. Niliona mlango umefunguka nikataka kuingia. "Bibi," nikasema, "umemsikia Fundi. Na wewe tuambie. Huyo mama yako aliitwa nani?"

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Mke mwenzangu, yule amesema kwa kuwa hana mjukuu wa kuozwa. Mimi ninao."

"Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua. Kisha utamwambia mumeo, kwa mapenzi. Kisha ndugu zake." Akachukua ukili wake. "Niliyameza mambo haya ninyi mpate kukaa barazani kama watu. Usinitapishe uzeeni."

Unaona jinsi ilivyokuwa vigumu. Alikuwa amenyamaza kwa ajili yetu, na kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa kunatupotezea lile jina.

Mvua za masika ziliposhika, kifua kikamlaza. Mjomba akaja na Maalim, wakamwuliza kwa upole, naye akageukia ukutani. Fundi alikuja akiwa amelowa, amebeba viatu mkononi. Alikaa naye chumbani, mlango wazi, mimi nikiwa jikoni napika uji. Niliwasikia wakinong'ona, kisha Bibi akicheka na kukohoa, kisha sauti ya Fundi peke yake, chini chini, kwa lugha ambayo sikuijua, iliyopanda na kushuka kama mtu anayesoma. Nilifikiri anamwimbia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaniambia duka linampeleka Lamu na visiwa vyake, kazi ya miezi, lakini atarudi.

Bibi aliinuka baada ya hapo, akakaa kitako, akala, akamtukana kuku. Tulidhani amepona. Alifariki mwezi uliofuata, alfajiri, kimya, akiwa ameshika mkono wangu.

Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo niliyapata kwa Mjomba. Alirudi na mchanga miguuni, akakaa mbali na watu. "Ametajwa Faida binti Hawa," akaniambia. "Wote walikuwepo. Wote wamesikia." Wale wachumba wenye majivuno walikuja matangani siku ya pili, wakala, na posa haikutajwa tena. Nami sikuwa nikiiwazia posa. Nilikuwa nikifikiri kwamba bibi yangu amesimamishwa mbele ya malaika, na mama yake mwenyewe, aliyemzaa kwa uchungu, hakuitwa aje asimame naye.

Fundi alirudi arubaini imepita. Nilimwona akishuka baiskeli na nikajua kwamba hajaambiwa, kwa sababu aliita kutoka mbali, "Shikamoo, Bibi!" Nikatoka mimi.

Alivua viatu, akakaa pale pake. Nilimweleza yote, na kaburini ilivyosemwa. Aliposikia "binti Hawa" akashtuka.

"Mbona Hawa? Mama yake aliitwa Nachisale."

Nikamwuliza amelipata wapi.

"Aliniambia siku ile ya mvua. Kwetu mgonjwa akiombewa huombewa kwa jina la mama yake. Dua hiyo haihitaji watu kumi, mtu mmoja anaweza. Nikamwambia, Bibi, nataka kukuombea upone, nipe jina la mama yako. Akacheka. Akasema, 'Wanangu wanalitaka wapate kunizikia. Wewe unalitaka nipone. Haya, lichukue.' Nachisale. Walitekwa wote wawili, mbali, upande wa Nyasa. Mama hakufika pwani. Yeye alikuwa mtoto anayeng'oka meno ya kwanza. Aliniambia jina hilo alikuwa akilisema moyoni kila akilala, akiogopa kulisahau." Akanitazama. "Nilidhani akinieleza mimi, na ninyi amewaeleza."

Nililia, nami nakwambia ukweli, kwanza nililia kwa wivu. Miaka yote nimelala naye chumba kimoja, na jina akampa mpita njia. Fundi aliningoja. Hakunibembeleza. Nilipotulia nikaona kwamba Bibi alilitoa pale tu lilipotakiwa kwa ajili ya uhai wake.

Nikamwuliza, "Na mama yako wewe, binti nani?"

"Perla. Perla binti Haya."

"Na dada zako?"

Akawataja, na yule mtoto. Nikamwambia, "Fundi, sisi hatuwezi kuwa watu kumi wako, na hitima yetu si yenu. Lakini naweza kuyajua." Nikayasema yote mbele yake. Jina la dada mdogo nililikosea, akanisahihisha, nikakosea tena, akanisahihisha, mpaka akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Kisha akavaa viatu, akafunga kamba vizuri, akaaga. Mwaka ule duka lilimhamisha, wengine wakisema Uganda, wengine wakisema alivuka bahari. Sikumwona tena.

Shaabani iliyofuata tulimsomea Bibi nyumbani kwetu. Nilimpa Maalim jina kabla, naye akalitaja kwa sauti yake ile ya wazi: Faida binti Nachisale. Sauti za wanawake uani zikakatika, hata ya Mwanajuma. Si jina la kwetu, na kila mmoja alijua limetoka wapi. Mjomba aliniita kando akaniambia nimemvua nguo mbele za watu, na kwa muda mrefu hakula kwangu. Binti yake aliolewa baadaye na mtu mwingine, mwema. Mimi nilibaki na baraza tupu na cherehani, na majina ambayo hakuna aliyenizunguka aliyekuwa na hamu nayo. Nimeyatunza hivyo hivyo.

Usiogope kufanya hili, si gumu. Leo, kabla ya magharibi, nenda kwa aliye mkubwa kuliko wote nyumbani kwenu. Msalimu, kaa chini, umsaidie kazi aliyo nayo mkononi. Kisha mwulize mama yake aliitwa nani. Akinyamaza, usimharakishe, rudi kesho. Akilitaja, litamke mbele yake mpaka akuambie umelipata.